Eti mwanamke mzuri hana ushirikiano?

Hapa Dodoma vumbi kama kawaida, upepo kama kawaida, na mabishano kama kawaida. Leo naomba tuongelee sentensi moja ambayo kwa kweli nimeichoka. Inasema hivi: "Yule dada ni mzuri, ila hana ushirikiano."

Bila shaka umeshaisikia. Utaisikia kwenye korido za wizara kule Mtumba, utaisikia UDOM wakati wa kupanga makundi ya kazi za darasani, utaisikia kwa mama ntilie pale Majengo watu wakisubiri wali maharage. Na anayeisema huisema kwa uhakika kabisa, kama mtu anayesoma matokeo ya sensa. Sentensi hiyo ina pacha wake: "Yule mwingine sura hakujaliwa, ila ana roho nzuri sana." Ukiziweka pamoja unapata sheria kamili: uzuri ukipanda, utu unashuka.

Mimi nasema sheria hiyo ni ya uongo. Na nasema pia kwamba si uongo wa bure, kuna watu unaowalipa.

Tuanze kwa kuwatendea haki wenye hoja, maana si wote wanaoisema kwa chuki. Ukiwakalisha wakaipanga vizuri, inakwenda hivi. Binti mzuri tangu utotoni anapewa. Kwenye daladala anapishwa kiti, dukani anaongezewa, shuleni wavulana wanamwandikia notisi, kazini kuna wa kumbebea kompyuta. Mtu anayepewa kila siku bila kuombwa kitu atajifunza lini kutoa? Yule asiyesifiwa sura inabidi ajitume, awe mcheshi, asaidie watu, maana bila hivyo hakuna atakayemkumbuka. Kwa hiyo mmoja anakuwa na maringo na mwingine anakuwa na moyo. Wahenga nao wanaitwa kutoa ushahidi: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Inasikika vizuri, ndiyo maana inaishi. Lakini hoja ya namna hii haipimwi kwa jinsi inavyosikika, bali kwa kuangalia watu wanafanya nini hasa.

Kwanza tukubaliane maana ya neno. Ushirikiano ni kutoa kitu chako, iwe muda, fedha au nguvu, kwa faida ya wote, wakati ambapo ungeweza kukaa pembeni ukala jasho la wenzako. Mtu anayechangia msiba wa mfanyakazi mwenzake ana ushirikiano. Anayefanya kipande chake cha ripoti kwa wakati ili wenzake wasikwame ana ushirikiano. Anayemfundisha mgeni kazi bila kumfichia siri za ofisi ana ushirikiano. Nadhani hapo hatubishani.

Sasa wapo wachumi na wanasaikolojia waliolipima jambo hili kwa michezo ya fedha halisi. Mchezo mmoja ni rahisi kama kijumbe: wewe na mwenzako kila mmoja ana fedha, unaweza kumpa mwenzako na ikaongezeka ikifika kwake, au ukabaki nayo na kusubiri yeye akupe. Mkipeana wote mnafaidi. Ukikaa kimya yeye akatoa, wewe umemla. Mwaka 2006 Takahashi na wenzake walichapisha matokeo ya michezo ya aina hii iliyofanyika Japani. Washiriki walipigwa picha, kisha watu wengine wasiojua nani alicheza vipi wakakadiria uzuri wa kila mmoja. Walipolinganisha, walikuta uhusiano kati ya uzuri na kutoshirikiana. Unajua kwa nani? Kwa wanaume! Vijana wa kiume waliokadiriwa kuwa watanashati ndio waliotoa kidogo zaidi. Kwa wanawake, uzuri haukuonyesha tofauti.

Haya, wenye ile sentensi, mpo? Mbona hatujawahi kusikia "yule kaka ni handsome, ila hana ushirikiano"? Kaka mtanashati asiyesaidia mtu anaitwa "mtu wa malengo" na "hapendi mazoea". Dada mwenye tabia ileile anaitwa "ana nyodo". Kipimo ni kimoja, lakini faini analipa mmoja.

Sisemi utafiti mmoja umefunga mjadala. Ni wanafunzi wa Japani, si akina mama wa Chamwino. Lakini hebu tuangalie mwingine. Mwaka 1999 Solnick na Schweitzer walitumia mchezo wa kugawana: mmoja anapanga mgawo wa fedha, mwingine anaukubali au anaukataa, na akiukataa wote wanaondoka mikono mitupu. Waliokadiriwa kuwa wazuri na waliokadiriwa kuwa si wazuri hawakutofautiana katika maamuzi yao. Waliotofautiana ni watu waliokutana nao: wazuri waligawiwa zaidi, na papo hapo walidaiwa zaidi.

Naomba usome tena maneno hayo ya mwisho. Waligawiwa zaidi, na walidaiwa zaidi. Hapo ndipo ugonjwa wetu ulipo.

Mwanamke anayeonekana mzuri anafunguliwa akaunti ya deni bila kuulizwa. Kuna aliyempa lifti kutoka Nzuguni hadi mjini. Kuna aliyemnunulia chakula cha mchana, aliyemtumia vocha, aliyemsaidia kupeleka faili kwa bosi. Hakuomba. Pengine alisema asante, akadhani yamekwisha. Kumbe mwenzake ameandika kila senti. Siku akimpigia saa nne usiku na simu isipokelewe, bili inatoka: "Yule dada hana ushirikiano."

Umeona neno lilivyobadilika? Halimaanishi tena kuchangia msiba wala kumaliza ripoti. Linamaanisha kwamba hakukubali. Katika ofisi zetu nyingi neno "ushirikiano" limekuwa kama shuka: linafunika kitu ambacho hakuna anayetaka kionekane. Bosi akimwambia msichana wa mafunzo kwa vitendo "nataka ushirikiano wako", watu wazima wote chumbani wanajua kinachosemwa, na wote wanajifanya wanaangalia dirishani.

Na hili si la kufikirika. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamtaja mtu anayetumia mamlaka yake kudai ngono ili atoe ajira, cheo, haki au upendeleo wowote, na inasema ni kosa la jinai. Mwaka 2020 TAKUKURU ilitoa matokeo ya utafiti wake kuhusu rushwa ya ngono katika vyuo vikuu viwili, Dar es Salaam na hapa kwetu Dodoma. Taifa haliwezi kuwa na kifungu cha sheria na utafiti kuhusu jambo ambalo halipo. Sasa jiulize: katika mazingira hayo, binti anayeweka mipaka mapema ni mbinafsi, au ni mtu mwenye akili timamu?

Namfahamu dada mmoja, jina nalihifadhi na ofisi naihifadhi. Ripoti za idara alikuwa anaziandika yeye, zikiwemo za watu wawili waliokuwa hawajui hata kupanga jedwali. Michango ya harusi alikuwa mtunza hazina, maana ndiye pekee ambaye hesabu zake zilikuwa zinakaa sawa. Mkataba wake ulipofika mwisho haukuongezwa. Sababu aliyoambiwa kwa mdomo? Ushirikiano. Aliuliza ni kazi gani aliyokataa kushirikiana. Hakutajiwa hata moja. Kitu pekee alichokuwa amekikataa miaka yote miwili ni safari za wikiendi ambazo hazikuwa na barua wala ajenda. Nyumbani kwao kuna wadogo zake watatu waliokuwa wanasomeshwa kwa mshahara ule. Ndiyo maana nimesema uongo huu si wa bure.

Najua kuna msomaji tayari anatikisa kichwa: "Lakini dada, mimi mwenyewe nimekutana nao, wazuri wenye dharau." Sawa, wapo. Wapo wazuri wenye dharau kama walivyo wafupi wenye dharau na wahasibu wenye dharau. Swali si kama wapo, swali ni kama wanatokana na uzuri wao. Na hata pale unapoona binti amenuna, jiulize ameufunga mlango dhidi ya nani. Mtu ambaye kila tabasamu lake limetafsiriwa kuwa ahadi atajifunza kutabasamu kidogo. Hiyo si roho mbaya, ni hesabu. Mwenye duka aliyeibiwa mara kumi anaweka nondo dirishani, na hakuna anayesema hapendi wateja.

Tena kuna jaribio la mwaka 1977 la Snyder na wenzake kule Marekani ambalo linafaa kubandikwa kwenye mlango wa kila ofisi ya rasilimali watu. Wanaume walipewa picha wakaambiwa ni ya mwanamke watakayeongea naye kwa simu. Picha zilikuwa za uongo: wengine walipewa ya mrembo, wengine ya asiye mrembo, bila kujali mwanamke mwenyewe alivyo. Kisha wasikilizaji wengine wakasikilizishwa sauti za wanawake peke yao. Wanawake walioongea na mwanaume aliyeamini kwamba ni warembo walisikika wachangamfu na wa kirafiki zaidi. Wao hawakujua chochote kuhusu picha! Kilichowabadilisha ni jinsi walivyosemeshwa. Maana yake ni kwamba tabia unayoiona kwa mtu, sehemu yake umeileta wewe mwenyewe mlangoni. Ukimsemesha dada kama mtu atapokea kama mtu. Ukimsemesha kama windo, usilalamike akikimbia.

Sasa tugeukie ile sentensi pacha, ya "sura hana ila ana roho nzuri", maana wengi wanaiona kama sifa. Si sifa, ni kifuta jasho. Inamwambia mwanamke kwamba wema wake ni wa kulipia upungufu, kwamba yeye ameajiriwa kwenye dunia hii kwa masharti ya kusaidia kila mtu, kila siku, huku anacheka. Siku akisema amechoka atapoteza hata hiyo roho nzuri. Ndiye anayebaki ofisini Ijumaa jioni, ndiye anayepika kwenye kikao cha harusi ya wengine. Mzuri anadaiwa kwa sababu amepewa, na asiyeitwa mzuri anadaiwa kwa sababu hakupewa. Bila shaka umeshaona kwamba kwenye biashara hii hakuna mwanamke anayepata faida.

Mnakumbuka Agosti 2021? Rais Samia Suluhu Hassan aliwapokea Ikulu vijana wetu wa chini ya miaka 23 waliotwaa kombe la CECAFA, na katika hotuba yake akawagusia wachezaji wa kike: vifua vyao, sura zao, na kwamba kwa baadhi yao ndoa ni ndoto. Kelele zilikuwa kubwa ndani na nje ya nchi, na mimi naona zilistahili, hata kama msemaji ni mwanamke mwenzetu tena mwenye cheo kuliko wote. Fikiria: mpira wa miguu ni ushirikiano mtupu. Watu kumi na moja, ukishika mpira peke yako mnafungwa. Hawa ndio wanawake waliothibitisha kwa miguu yao kwamba wanajua kushirikiana, na tukawapima kwa vifua. Twiga Stars waliokuwa wameshiriki fainali za Afrika mwaka 2010 walifuzu tena, wakaenda Morocco Julai 2025. Sijasikia kwamba kuna sura iliyowafungia bao hata moja.

Na hapahapa Dodoma, Juni 1 mwaka huohuo wa 2021, mbunge wa Momba, Condester Sichwale, alitolewa nje ya ukumbi wa Bunge kwa sababu ya suruali. Mbunge mwenzake, Hussein Amar wa Nyang'hwale, ndiye aliyesimama kulalamikia mavazi, na Spika wa wakati huo, marehemu Job Ndugai, akamwambia dada yule atoke akavae vizuri ndipo arudi. Wananchi wa Momba walikuwa wamemtuma kusema kuhusu maisha yao, lakini siku ile mwili wake ndio uliokuwa hoja mezani. Nini kilifuata? Wabunge wanawake walisimama kumtetea na kudai aombwe radhi. Wale wanaopenda kusema "wanawake wenyewe hawapendani, hasa akiwa mwenzao anavutia" tukio hilo hulisahau haraka sana.

Kama mnataka majina ya waliopita kwenye jukwaa la urembo kabisa, yapo. Jokate Mwegelo, mshindi wa pili wa Miss Tanzania 2006, aliteuliwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe mwaka 2018, na watu wakacheka. Kisha akaendesha kampeni ya Tokomeza Zero na kuchangisha fedha za kujenga sekondari ya wasichana. Kuchangisha ni nini kama si kuwaunganisha watu watoe kwa faida ya wote? Basila Mwanukuzi, Miss Tanzania 1998, naye aliteuliwa mkuu wa wilaya ya Korogwe mwaka 2021. Siwataji kama ushahidi kwamba warembo ni bora. Wanawake wawili si takwimu. Nawataja kwa sababu ile sheria ya mtaani inasema "hawawezi", na neno "hawawezi" linavunjwa hata na mmoja.

Mkitaka kuona ushirikiano unavyopimwa kwa haki, achaneni na ofisi, nendeni kwenye vikoba. Uwanda huu wa kati hauna mchezo. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zikikosea mwaka, zimekosea. Wagogo bado wanaikumbuka Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920, iliyokuja baada ya majeshi ya vita vya wakoloni kuchukua nafaka, mifugo na watu. Mahali pa namna hii mwanamke hachagui mwenzake wa kuweka naye akiba kwa kumwangalia mashavu. Anauliza: anarejesha? Anakuja vikaoni? Mwaka jana alipougua mwenzetu alitoa? Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, hesabu inasomwa mbele ya wote, na hisa za kila mtu zinajulikana. Hata mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ambako wanawake wametengewa asilimia 4, inakwenda kwa vikundi: mmoja akikwepa, mzigo unawaangukia wenzake. Pale hakuna anayeweza kuishi kwa sura, na hakuna anayesingiziwa kwa sababu ya sura.

Hilo nalo wachumi wamelikuta kwenye michezo yao. Andreoni na Petrie walichapisha mwaka 2008 matokeo ya mchezo wa kuchangia mfuko wa pamoja. Michango ya watu ilipokuwa siri, wazuri waliondoka na fedha zaidi, kwa sababu wenzao walikuwa wepesi kutoa wakiwa nao na si kwa sababu wao walikuwa wabinafsi. Mchango wa kila mmoja ulipowekwa wazi, faida hiyo ya uzuri ikapotea, na wazuri wakaanza hata kuadhibiwa kwa kutofikia matarajio makubwa waliyowekewa. Kwa lugha ya Kibaigwa: mizani ikiwekwa hadharani, hakuna anayenunua gunia kwa kuangalia rangi ya mfuko.

Kwa hiyo dawa ipo na si ngumu. Neno "ushirikiano" lisitumike kumhukumu mfanyakazi yeyote bila kutajwa kazi. Ukisema hana ushirikiano, andika: tarehe fulani aliombwa kazi fulani, akakataa. Kama huwezi kuiandika kazi hiyo kwenye karatasi ukaweka sahihi yako, basi sote tumeshajua ni ushirikiano gani uliokuwa unautaka. Serikali imeondoka kwenye fomu za OPRAS na kwenda kwenye mfumo wa PEPMIS unaofuatilia majukumu ya kila mtumishi. Vizuri. Basi hayo majukumu ndiyo yasemwe, na vyombo vya habari, mashirika na kampuni binafsi nazo zifanye hivyo, maana huko ndiko mikataba inakokufa kimyakimya.

Nanyi kaka zangu, nawaomba kitu kidogo zaidi. Ukimpa mtu lifti, umempa lifti. Imeisha hapo. Kama ulikuwa unakopesha, ungemwambia riba kabla hajapanda.

Na dada zangu, mzuri na "mwenye roho nzuri", tukatae wote wawili kugombanishwa na sentensi moja. Haikutungwa na sisi na haitulipi.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Anayebisha alete kazi iliyokataliwa, si sura ya aliyekataa. Naomba kuwasilisha.